Intel au AMD? Swali ambalo mazabodi hazikuwa zikiuliza

Ukiingia leo kwenye duka la vipuri vya kompyuta ukasema unataka mazabodi, muuzaji atakurudishia swali kabla hajanyanyuka kitini: ya Intel au ya AMD? Ukijibu hilo atauliza la pili: soketi gani? Kama huna majibu hayo mawili, hakuna biashara. Tumezoea hivyo hadi tunadhani ndivyo kompyuta zilivyoumbwa, kwamba prosesa za kampuni hizi mbili ni kama dizeli na petroli, haziwezi kuingia tangi moja. Lakini mwaka 1997 mtu angeweza kununua mazabodi moja, akaiweka mezani, halafu ndipo akae chini na kuchagua: Intel, AMD, Cyrix au IDT. Kampuni nne, kiti kimoja. Aliyechoshwa na prosesa moja aliinua kishikio kilicho kando ya soketi, akaitoa, akaweka nyingine.

Leo nataka kusimulia jinsi kiti hicho kilivyopatikana na jinsi kilivyoondolewa. Si kwa ajili ya kukumbuka enzi tu. Maswali yote yanayomsumbua anayejenga kompyuta mpya (soketi, chipuseti, toleo la BIOS, aina ya memori) yana asili yake. Mengine yana sababu za kiufundi ambazo huwezi kuzipinga. Mengine ni biashara tupu. Ukijua lipi ni lipi, unajua pia pesa zako unazilipia nini.

Tuanze na 1981. IBM ilipotoa PC yake ya kwanza Agosti mwaka huo, ndani yake kulikuwa na prosesa ya Intel 8088 ya megahezi 4.77. Sasa IBM ilikuwa mteja mkubwa na mwenye tahadhari. Kiwanda cha Intel kikiungua je? Kikipandisha bei je? Ilitaka pawepo mtengenezaji wa pili wa chipu ile ile. Hapo ndipo AMD ilipoingia: mwaka 1982 Intel na AMD zilitia saini mkataba wa miaka 10 wa kubadilishana teknolojia, na AMD ikawa inatengeneza 8086, 8088 na baadaye 286 kwa michoro ya Intel yenyewe. Mwenye mazabodi hakuwa na haja ya kutazama jina lililochapwa mgongoni mwa chipu. Tena AMD iliifikisha 286 hadi megahezi 16 na 20, ilhali ya Intel iliishia 12.5. Mwanafunzi alianza kumpita mwalimu kwa somo la mwalimu mwenyewe.

Intel haikufurahi, na ungekuwa wewe usingefurahi. 386 ilipotoka Oktoba 1985 ilikataa kuitoa michoro yake. Mwaka 1987 AMD ikaenda kwenye usuluhishi, na shauri lile likaburutwa hadi Mahakama ya Juu ya California mwaka 1994. Lakini wahandisi hawakusubiri mawakili. Waliichambua 386 ya Intel, wakatengeneza yao, na Machi 1991 Am386 ikaingia sokoni. Ya haraka zaidi ilikwenda megahezi 40, wakati 386 ya Intel ya haraka zaidi ilikuwa 33. Na iliingia mahali pale pale palipokuwa pa Intel.

Kuna kisa kidogo hapa ambacho watu wengi hawakijui. Mwaka huo huo wa 1991 mahakama moja ya California iliamua kwamba "386" ni jina la jumla, Intel haiwezi kulimiliki kama nembo ya biashara. Nambari haina mwenyewe. Ndiyo sababu prosesa iliyofuata 486 haikuitwa 586. Iliitwa Pentium, ikatolewa Machi 1993, na kuanzia hapo mnunuzi akaanza kuuziwa jina.

Pentium ya kwanza, ya megahezi 60 na 66, ilikalia Soketi 4 na ilikunywa volti 5. Ilipata moto kweli kweli. Mwaka uliofuata tu, 1994, Pentium mpya zikashuka hadi volti 3.3 na zikahitaji Soketi 5. Aliyekimbilia kununua mapema alijikuta na mazabodi ambayo karibu kila Pentium iliyofuata haikuweza kuikalia. Hapa siilaumu Intel: ukitia volti 5 kwenye chipu ya volti 3.3 unaiua, kwa hiyo pini lazima zitofautiane ili mtu asiweze kukosea. Hiyo ni sababu ya kiufundi, na ni safi. Iweke akilini, maana tutaihitaji kupimia sababu nyingine huko mbele.

Kisha mwaka 1995 ikaja Soketi 7.

Kwa macho ni mraba wa plastiki wenye matundu 321 na kishikio cha chuma ubavuni. Tofauti yake na Soketi 5 si kubwa, ila iliruhusu volti za aina mbili kwa wakati mmoja: moja ya kiini cha prosesa, nyingine ya mawasiliano na mazabodi. Jambo hilo dogo ndilo lililoipa umri mrefu. Kila kampuni ilipopunguza volti za kiini, mazabodi nzuri ilikuwa na jumpa za kubadilisha, na maisha yaliendelea.

Orodha ya waliokalia kiti hicho ni ndefu. Pentium za kawaida. Pentium MMX, iliyotoka Januari 1997 na kiini cha volti 2.8. K5 ya AMD ya 1996, iliyochelewa na haikumsisimua mtu. 6x86 ya Cyrix. WinChip ya IDT, prosesa ya watu wasiopenda makuu. Na K6 ya AMD, ya Aprili 1997, ambayo ndiyo iliyobadilisha mambo.

Historia ya K6 ni funzo tosha kuhusu uzito wa soketi. Msingi wake haukuchorwa na AMD. Ulichorwa na kampuni ndogo iliyoitwa NexGen, ambayo mwaka 1994 ilikuwa imetoa prosesa yake, Nx586. Ilikuwa chipu nzuri. Lakini haikuingia kwenye soketi ya Pentium. Ilihitaji mazabodi yake peke yake, na watengenezaji wa mazabodi hawakuona sababu ya kuwekeza kwa ajili ya kampuni ambayo haikujulikana. Chipu nzuri, haina pa kukaa. AMD, ambayo ilikuwa na shida ya kinyume (viwanda na jina inavyo, lakini K5 inasuasua), iliinunua NexGen mwanzoni mwa 1996. Mchoro wa prosesa yao iliyofuata ukageuzwa uweze kukaa kwenye Soketi 7, na ndiyo hiyo K6. Wahandisi ni wale wale, na ujuzi ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na mamilioni ya mazabodi zinazoweza kuipokea.

Nisipambe mno lakini. Soketi 7 haikuwa pepo. Chukua Cyrix. 6x86 iliuzwa kwa nambari ya kulinganisha badala ya megahezi: iliyoitwa P166+ ilikimbia megahezi 133 tu, kampuni ikidai kwamba kazi yake ni sawa na ya Pentium 166. Kwa kuandika barua na kufanya hesabu za ofisi, dai lilikuwa la kweli. Lakini sehemu yake ya kukokotoa desimali ilikuwa dhaifu, na mchezo wa Quake ulipotoka Juni 1996, ukiwa umeandikwa kwa kuifuata Pentium hatua kwa hatua, wenye Cyrix waliona aibu mbele ya marafiki. Halafu kulikuwa na P200+, iliyotaka njia ya mazabodi ikimbie megahezi 75 wakati mazabodi nyingi zilitengenezwa kwa 66. Ukiweka 75, kadi zako zote nazo zinakimbizwa kuliko zilivyozoea. Kompyuta ikianza kuganda, nani wa kulaumiwa: prosesa, mazabodi au diski? Fundi angekesha.

Kwa hiyo hata kwenye kiti kimoja, kuchagua mazabodi kulikuwa kazi. Uliangalia ina jumpa za volti ngapi. K6-2 iliyotoka Mei 1998 ilitaka volti 2.2 kwenye kiini, na mazabodi ya zamani isiyoshuka chini ya 2.8 haikufaa hata kama pini zinaingia vizuri. Ninasisitiza hili kwa sababu ndilo kosa linalofanywa hadi leo: watu hutazama kama prosesa *inaingia*, wasiulize kama mazabodi *inaijua*.

Sasa turudi Mei 1997, miezi miwili hivi kabla ya wenye K6 kuizoea vizuri. Intel inatoa Pentium II, na haina pini. Imo ndani ya kasha jeusi la plastiki, refu kama kaseti ya mchezo wa video, na inachomekwa kwenye mwanya mrefu uitwao Sloti 1, wenye miguso 242. Soketi 7 imeachwa na mwenyewe.

Kwa nini? Jibu la kiufundi lipo, na ni la kweli. Pentium Pro ya 1995 ilikuwa na kache ndani ya pakiti moja na prosesa, na kuiunganisha kulikuwa ghali: kache ikionekana mbovu baada ya kuunganishwa, unatupa vyote viwili. Ukiweka prosesa na kache juu ya ubao mdogo, kila kimoja unakipima kwanza, na gharama inashuka. Ubao mdogo unahitaji mwanya, si soketi. Sawa kabisa.

Lakini kuna jibu la pili, na hilo halikuandikwa kwenye karatasi za matangazo. Namna ya mawasiliano kati ya Pentium II na mazabodi ilikuwa imelindwa kwa hataza, na Intel haikuwapa AMD wala Cyrix leseni ya kutengeneza prosesa za Sloti 1. Mtu aliyenunua mazabodi ya kisasa ya Intel hakuweza kuweka prosesa ya mshindani ndani yake. Na ushahidi kwamba jibu la kwanza halikuwa sababu yote ni huu: mwaka 1999, kache ilipohamia ndani ya chipu yenyewe na kasha likawa halina kazi, Intel ilirudi kwenye soketi ya pini, Soketi 370. Kasha lilikwenda zake. Hataza zilibaki. (VIA ilijipenyeza kwenye Soketi 370 kwa prosesa yake ya C3, baada ya kuinunua Cyrix mwaka 1999, lakini ilikuwa chipu ndogo ya kazi ndogo na haikumkosesha Intel usingizi.)

AMD ilibaki Soketi 7 ikiwa peke yake, kama mpangaji ambaye mwenye nyumba amehama. Ikapandisha njia hadi megahezi 100 na kuongeza mwanya wa AGP wa kadi ya picha, mambo yakaitwa Super Soketi 7, na watengenezaji wa chipuseti wa Taiwan, VIA na ALi, ndio walioibeba. Mazabodi kama FIC VA-503+ na Asus P5A ziliwasaidia watu wengi kuvuka hadi 2000 bila kununua kompyuta nzima upya.

Upande wa Intel nao haukukosa raha zake. Agosti 1998 ilitoa Celeron 300A kwa dola 149. Ilikuwa na kache ndogo ya kilobaiti 128, lakini iko ndani ya chipu na inakimbia kasi kamili. Ilitengenezwa kwa njia ya megahezi 66. Ukiiweka kwenye mazabodi ya chipuseti 440BX, sema Abit BH6, ambayo ilikuruhusu kubadilisha kasi kwenye menyu ya BIOS bila kugusa jumpa hata moja, ukaiambia njia ikimbie 100, nyingi zilikimbia megahezi 450 bila kulalamika. Pentium II ya 450, iliyotoka wakati ule ule, iliuzwa zaidi ya dola 600. Hesabu mwenyewe. Kwa maoni yangu hapo ndipo mazabodi ilipopata heshima yake kama kitu cha kuchagua kwa makini. Kabla ya hapo ilikuwa ubao tu wa kushikilia vingine.

Juni 1999 AMD ilihama rasmi. Athlon ilikuja na Sloti A. Na hapa kuna jambo la kuchekesha: kiplastiki chenyewe kilikuwa kile kile cha Sloti 1, kimegeuzwa tu nyuma mbele, ili viwanda vya mazabodi viendelee kununua kipuri kile kile. Lakini umeme na lugha ya ndani ni tofauti kabisa. Kwa kuwa AMD haikupewa njia ya Intel, ilichukua leseni ya njia ya EV6 kutoka kwa Digital, ile ya prosesa za Alpha. Aliyeongoza kazi ya kuichora Athlon, Dirk Meyer, alikuwa ametoka huko huko kwenye Alpha. Hii ndiyo siku barabara zilipogawanyika. Tangu Juni 1999, Intel na AMD hazijakaa tena kiti kimoja kwenye kompyuta za mezani.

Kulikuwa na hofu pia. Watengenezaji wa mazabodi waliishi kwa chipuseti za Intel, na mazabodi ya Asus ya Athlon, K7M, ilifika madukani ikiwa kwenye boksi jeupe lisilo na jina la kampuni. Fikiria: una bidhaa nzuri, unaiuza kama mtu anayeuza chang'aa. Ugomvi wa biashara kati ya hizo kampuni mbili uliendelea miaka 10 zaidi, hadi Novemba 2009 Intel ilipokubali kuilipa AMD dola bilioni 1.25 kumaliza kesi zao.

Athlon yenyewe ilifanya kazi iliyotumwa. Tarehe 6 Machi 2000 AMD ilitangaza prosesa ya gigahezi 1. Intel ilifuata siku mbili baadaye.

Kuanzia hapo mnunuzi alianza kuishi maisha tunayoyajua sisi. Unachagua kampuni kwanza, halafu unaomba Mungu soketi yake iishi. Kuna walioomba wakajibiwa. Soketi A ya AMD, yenye pini 462, ilianza Juni 2000, ikabeba Duron za bei ya chini, Athlon, Athlon XP hadi 3200+ ya 2003, na Sempron baada ya hapo. Hiyo ndiyo soketi ya watu wa mfuko mwepesi. Mazabodi kama ECS K7S5A ilikuwa na nafasi za memori za aina mbili, SDRAM ya zamani na DDR mpya (huchanganyi, unatumia moja), ili mtu ahame polepole. Wajanja waligundua kwamba ukichora mstari wa penseli kati ya vidoti fulani juu ya Duron, unafungua kufuli la kasi. Penseli, jamani! Penseli ya shule.

Ubaya wake ulikuwa joto. Prosesa zile za kwanza hazikuwa na njia ya kujizima zenyewe haraka, na mwaka 2001 video ya Athlon ikitoa moshi baada ya kuondolewa kipoza joto ilizunguka dunia nzima. Kiini pia kilikuwa wazi juu, na ukibonyeza kipoza joto kwa pembe kinamenyeka.

Kuna walioomba wasijibiwe. Novemba 2000 Pentium 4 ilitoka na Soketi 423 pamoja na memori ya RDRAM, ambayo bei yake ilikuwa ya kukatisha tamaa. Agosti 2001 Soketi 478 ikaja, na mwenye 423 akaambiwa mwisho wako ni gigahezi 2. Miezi tisa! Mtoto hujamaliza kumnyonyesha.

Hizo Pentium 4 za 478 ndizo tulizozifahamu sana Kenya, maana zilijaa kwenye saiba na kwenye mashine za mtumba kutoka Uingereza. Neno moja kwa anayetaka kufufua mashine ya kampuni kubwa ya miaka ile: usiamini kwamba umbo la plagi linatosha. Intel ilitoa vipimo vya ATX mwaka 1995 ili mazabodi, kasha na kisambaza umeme vya watengenezaji tofauti vioane. Lakini Dell, kuanzia miaka hiyo hadi karibu 2000, ilitumia plagi ya umbo la ATX yenye nyaya zilizopangwa kivingine. Ukichomeka kisambaza umeme cha kawaida, unaweza kuichoma mazabodi. Inaingia, lakini haiijui. Ni somo lile lile la volti.

Mwaka 2003 kulitokea badiliko kubwa kuliko yote, na halikutangazwa kwa makelele. Athlon 64 ilipotoka Septemba, kidhibiti cha memori kilikuwa kimehamishwa kutoka kwenye chipuseti hadi ndani ya prosesa. Faida: prosesa inaifikia memori haraka zaidi. Gharama: aina ya memori sasa imefungwa kwenye soketi. Ndiyo maana AMD ilipitia 754, 939 na AM2 kati ya 2003 na 2006. 754 ilikuwa na njia moja ya memori, 939 njia mbili, AM2 ilileta DDR2. Watu walikasirika, lakini pini zinazokwenda kwenye memori haziwezi kubaki zile zile memori ikibadilika. Sababu safi. Intel ilifanya hivyo hivyo mwaka 2008 na Core i7.

Kilichokufa hapo ni soko la chipuseti. VIA, SiS, ALi, baadaye Nvidia, waliokuwa wakishindana nani ana kidhibiti cha memori cha kasi zaidi, walibaki hawana cha kuuza. Zamani ukichagua mazabodi ulichagua pia kati ya akili nne au tano za chipuseti. Siku hizi prosesa ya AMD unaipa chipuseti ya AMD, ya Intel unaipa ya Intel, na tofauti kati ya mazabodi za soketi moja ni ubora wa umeme, idadi ya milango na muda ambao kampuni itaendelea kutoa BIOS mpya.

Mwaka 2004, LGA 775 ya Intel ilihamisha pini kutoka kwenye prosesa hadi kwenye mazabodi. Soketi hiyo iliishi kutoka Pentium 4 hadi Core 2 Quad, maisha marefu, lakini ya udanganyifu kidogo: mazabodi ya chipuseti 915 ya mwaka 2004 haikuwasha Core 2 Duo ya 2006, ingawa inaingia bila tatizo. Tumia kipimo chetu hapa. Mahitaji ya umeme yalikuwa yamebadilika, basi tuseme nusu safi.

Lakini 2017 sikuielewa kwa urahisi. Intel ilikuwa na LGA 1151 tangu 2015. Oktoba 2017 prosesa za kizazi cha 8 zilitoka na soketi ile ile, pini zile zile kwa idadi, ila zilitaka mazabodi mpya ya chipuseti za 300. Maelezo yalikuwa kwamba viini vimeongezeka hadi 6 na pini za akiba zimegeuzwa kuwa za umeme. Wachokozi wakafunika pini kadhaa kwa utepe, wakahariri BIOS, na prosesa hizo zikawaka kwenye mazabodi za zamani. Sisemi kila mazabodi ya zamani ingestahimili umeme ule. Nasema mlango ungeweza kuachwa wazi kwa zile zinazoweza, na haukuachwa.

Wakati ule ule AMD ilikuwa na AM4, iliyopokea Ryzen ya kwanza Machi 2017. Mei 2020 nayo ilijaribu: ilitangaza kwamba Ryzen zitakazofuata hazitakubali mazabodi za B450 na X470, kwa kuwa chipu za BIOS za megabaiti 16 hazina nafasi ya kuhifadhi prosesa zote. Wanunuzi walipiga kelele, na kabla ya mwezi kuisha uamuzi ukageuzwa. Mwaka 2022 hata mazabodi za kwanza kabisa za 2017 zilipewa BIOS za kupokea Ryzen 5000. Mtu aliyenunua B350 mwaka 2017 akitaka 5800X3D ya 2022 anaweza kuiweka, kama mtengenezaji wa mazabodi ametoa toleo hilo la BIOS. Miaka mitano. Ni umri wa Soketi A, ingawa kampuni ni moja tu kitini.

Ila lazima BIOS iwe mpya *kabla* ya kuweka prosesa mpya, la sivyo kompyuta haiwaki, na isipowaka huwezi kuiwekea BIOS. Mwaka 2018 tatizo hilo lilifika hadi AMD ikawa inawaazima wateja prosesa ya zamani ya kuwashia tu. Mazabodi nyingi sasa zina kitufe cha kuandika BIOS kutoka kwenye flashi bila prosesa yoyote. Mimi nikinunua, hicho kitufe nakitafuta kabla ya taa za rangi. Usipokuwa nacho, tafuta fundi mwenye prosesa ya kizazi cha nyuma akuazime dakika 20.

Sasa, kama unajenga leo. AMD ilitoa AM5 Septemba 2022, ya memori za DDR5 pekee, na mwaka 2024 ikaahidi kuiendeleza hadi 2027 au zaidi. Intel ilitumia LGA 1700 kwa vizazi vya 12, 13 na 14, ikaiacha Oktoba 2024 kwa LGA 1851. Kama wewe ni mtu wa kununua mara moja na kukaa nayo miaka saba, umri wa soketi usikunyime usingizi. Nunua prosesa nzuri kadiri ya mfuko na mazabodi yenye umeme wa kuaminika. Kama ni mtu wa kuanza na prosesa ya chini ukipanga kupanda baadaye, basi umri wa soketi ndiyo nusu ya bei, na AM5 ina nafasi nzuri zaidi. Fungua ukurasa wa mtengenezaji wa mazabodi, utafute orodha ya prosesa zinazokubalika, usome safu ya toleo la BIOS. Wauzaji wengi hawaisomi.

Na kwa kuwa pini sasa ziko kwenye mazabodi pande zote mbili, kabla ya kulipa mwombe muuzaji akitoe kile kifuniko cha plastiki cheusi, uinamishe ubao chini ya taa, utazame safu za pini kutoka pembeni. Zikiwa sawa, zote zinang'aa pamoja. Ukiona mahali pamoja mwanga unakatika, hapo kuna pini iliyolala. Rudisha kifuniko, uombe boksi lingine.